Mita 60 Kutoka Wapi?

Shahada ya kwanza nilisoma fasihi ya Kiswahili. Ya uzamili nasoma mipangomiji. Watu huniuliza nimevukaje kutoka huku kwenda kule, nami huwajibu kwamba sijavuka popote: bado nasoma maandishi ya watu wanaotunga ulimwengu ambao haujawepo na kututaka tuuamini. Ila riwaya ikiwa mbaya unaifunga, unalala. Mpango wa jiji ukiwa mbaya kuna mtu ataamka asubuhi akute ukuta wa nyumba yake umepigwa X kwa rangi nyekundu.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma maandishi yanayohusu bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam: mipango kabambe, sheria, ripoti za miradi, hata yale matangazo ya tahadhari yanayosomwa redioni kila msimu wa masika. Nayasoma kwa maswali niliyofundishwa darasa la fasihi. Nani anasimulia? Nani amefanywa mhusika na nani amefanywa mandhari? Vitenzi amepewa nani? Na jambo ninalolikuta karibu kila ukurasa ni kwamba mafuriko ya Msimbazi yanasimuliwa kama kisa cha watu wanaoishi chini. Mto unaanzia Jangwani. Juu ya hapo ni kama hakuna kitu, maji yanatokea tu.

Sasa mto wenyewe. Unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unashuka takriban kilomita 35, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Magomeni na Jangwani, kisha unaingia baharini kupitia mikoko iliyo karibu na Daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya mito midogo, ukiwamo wa Ubungo na wa Sinza. Kiangazi unaweza kuuvuka sehemu nyingi kwa kukunja suruali. Ni mto mdogo ambao jiji limeupa heshima kubwa bila kujua: mashabiki wa Simba ni Wekundu wa Msimbazi na wa Yanga ni watu wa Jangwani, kwa hiyo kila dabi ya Kariakoo ni ugomvi wa ndani ya bonde moja. Na Jangwani yenyewe, mahali panapojaa maji kuliko pote katikati ya jiji, imepewa jina la jangwa. Sijui kama mtunzi wa riwaya angethubutu. Mhariri angemwambia kejeli imezidi.

Mpango kabambe wa kwanza wa jiji baada ya Vita Kuu ya Pili uliandaliwa na kampuni ya Uingereza ya Alexander Gibb na wenzake, mwaka 1949. Uliigawa Dar es Salaam kwa msongamano: viwanja vikubwa vya msongamano mdogo, vya wastani, na vidogo vya msongamano mkubwa. Lugha ni ya kihandisi, safi kabisa, wala haina matusi. Lakini kila mkazi wa wakati ule alijua kutafsiri: uzunguni, uhindini, uswahilini. Wajerumani walikuwa wameanza mgawo huo kabla yao, na Waingereza wakaukamilisha kwa kuacha ukanda wa ardhi tupu kati ya mitaa ya Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Nakaa hapo kidogo kwa sababu sisi wanafunzi wa ikolojia ya miji tunapenda mno maneno "eneo la wazi". Tunayaandika kama mtu anavyoandika "hewa safi", kana kwamba hakuna anayeweza kuyapinga. Mnazi Mmoja leo ni mahali pa kupumzika chini ya mti, na namshukuru kila aliyepigania pasijengwe. Ila pale nafasi ya kijani iliwekwa ili kutenganisha watu, kwa kisingizio cha afya. Tangu niielewe habari hiyo, kila ninapoona rangi ya kijani kwenye ramani ya Dar es Salaam nauliza kwanza inatenganisha nani na nani.

Mipango miwili iliyofuata, wa 1968 na wa 1979, iliandaliwa na kampuni za Kanada. Siichambui yote hapa. Kwa habari ya bonde, linalonihusu ni kwamba mpango wa 1979 uliliweka bonde la Msimbazi katika ardhi hatarishi, isiyofaa kujengwa. Kitaalamu ni kweli. Bonde ni la mto. Lakini angalia ilivyokuwa nje ya karatasi. Sensa ya 1967 ilikuta watu wasiofika 300,000 Dar es Salaam. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 5.3. Katikati hapo serikali ilijaribu. Mradi wa Viwanja na Huduma wa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ndio uliotupatia Sinza na Kijitonyama tunazozijua. Havikutosha. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wamejenga mahali ambapo mpango haukuwapimia, na baadhi yao wakajenga mahali ambapo mpango uliwakataza, maana pale ndipo palipokuwa karibu na kazi na bei yake ilivumilika. Viongozi wa mtaa waliwaandikia hati za mauziano. Waliwekewa umeme, wakalipa kodi ya jengo. Katika maandishi mtu huyu ana jina moja tu: mvamizi.

Neno hilo lina kazi kubwa. Mvamizi ni mtu aliyefika ghafla, kwa nguvu, akitoka kwingine. Ukishamwita hivyo, miaka 30 aliyokaa inafutika, na mafuriko yanakuwa adhabu aliyojitakia. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa kuliko zote kwa zaidi ya nusu karne iliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, kaskazini ya mbali. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, matingatinga yakabomoa nyumba bondeni Kinondoni, kuanzia Mkwajuni. Sheria iliyotajwa sana wakati huo ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Hebu tukisome kifungu hicho kama tunavyosoma beti. Mita 60 ni namba nzuri, inakumbukika, unaweza kuipima kwa kamba. Tatizo liko kwenye neno la pili: ukingo. Ukingo wa Msimbazi hautulii. Kila masika mto unakula udongo wa nje ya kona na kuuweka ndani ya kona, na pale Tabata na Kigogo kuna nyumba zilizojengwa mbali kabisa na maji ambazo leo zina choo kinachoning'inia juu ya mto. Aliyeivuka sheria hapo ni nani, mwenye nyumba au mto?

Niliwahi kumuuliza swali kama hilo mama mmoja anayelima mchicha na matembele bondeni, chini ya Kigogo. Nilikuwa na dodoso mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua, au na wewe una makaratasi?"

Nikamwambia nina makaratasi lakini nitanunua pia. Akacheka. Nilipofika kwenye swali la mipaka ya shamba aliniangalia kidogo, akauliza, "Mipaka ya mwaka gani?"

Dodoso langu halikuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo. Akanionyesha kwa jembe: mwaka ule maji yalipita hapa, mwaka uliofuata yakahamia kule, hili tuta nililipata baada ya mchanga kujaa, lile lililimwa na mwenzangu likaondoka naye akahamia kwenye lingine. Wao hulima ardhi inayosogea, na wana makubaliano yao ya nani anahamia wapi ikisogea. Kwangu huo ni upangaji wa matumizi ya ardhi. Haujachorwa tu.

Ni haki pia kusema kwamba mchicha huo una tatizo. Tangu mwaka 1999 wanakemia walichapisha matokeo yaliyoonyesha metali nzito, risasi ikiwamo, katika mboga zinazolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na wengine wamerudia kupima baada yao. Nami ni mlaji; mboga hizo huishia sokoni na kwa mama lishe wanaotulisha. Sina hamu ya kuzitetea kwa ushairi. Ila tazama simulizi inavyojirudia. Risasi haizaliwi kwenye tuta la mchicha. Inatoka viwandani, kwenye gereji, kwenye betri na rangi, kwenye mitaro ya barabara inayoelekezwa mtoni. Anayefukuzwa ni mkulima, kwa kuwa ndiye anayeonekana ameinama pale ambapo sampuli ilichukuliwa. Kwa mafuriko ni hivyo hivyo: tunampima mtu wa chini kabisa, kisha tunamlaumu kwa kilichomfikia.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana yapo maandishi mapya na ni bora. Mwaka 2018 wahandisi, maofisa wa serikali, watafiti na wakazi walikaa meza moja kwa miezi kadhaa, na mwaka 2019 ukatoka mpango wa bonde uliopewa jina la fursa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde. Nimeusoma mpango huo kwa raha ambayo sikuitarajia. Kwa mara ya kwanza mto una vitenzi. Unatanuka, unabeba mchanga, unahitaji nafasi. Badala ya kuubana kwenye mfereji wa zege, waandishi wanataka kuuachia uwanda wake, kuinua daraja la Jangwani, kuchimba mchanga uliojaa, na kuifanya sehemu ya chini kuwa bustani kubwa ya jiji inayoruhusiwa kufunikwa na maji mvua ikizidi. Yeyote aliyewahi kukwama Magomeni barabara ya Morogoro imefungwa kwa maji ataelewa kwa nini napenda ukurasa huo.

Mpango huo unakiri pia jambo ambalo maandishi ya zamani hayakuligusa: kwamba waliojenga bondeni si maskini peke yao. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, miaka mingi baada ya sheria ya 2004 kupita, na maji yakaingia humo mara kwa mara hadi ikaamuliwa ihamishwe. Hakuna aliyeyaita mabasi yale wavamizi.

Mashaka yangu yako kwenye neno fursa. Yako pia kwenye picha. Picha za wasanifu zina desturi yake popote duniani: anga ya buluu, nyasi zilizokatwa, kijana anakimbia na visikio masikioni, mama anasukuma kigari cha mtoto. Hakuna muuza mihogo, hakuna ndoo, hakuna jembe. Picha ya namna hiyo ni simulizi, na msimuliaji amekwisha kuamua nani yumo. Bustani katikati ya jiji hupandisha bei ya ardhi iliyo pembeni yake. Hilo linajulikana, na kwa wenye fedha ndilo fursa yenyewe. Mtu aliyevumilia maji ya kiuno kwa miaka 20 ataondoka mwaka ambao maji yameondoka. Ukanda wa kijani utakuwa tena kati ya watu na watu, na safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumsingizia.

Hilo ni la haki. Lililobaki ni la maji, na hapo ndipo naona udhaifu mkubwa zaidi wa aina hii yote ya maandishi.

Mama yangu mdogo aliishi Kigogo hadi mafuriko yalipomtoa. Ukimuuliza maji yalifika wapi hakujibu kwa sentimita. Anashika mwili: mwaka huu gotini, mwaka ule kiunoni, na ule wa mwisho anainua mkono kuelekea kenchi. Kabla hajaondoka alifanya kila walichofanya majirani: viroba vya mchanga mlangoni, kitanda juu ya matofali, kizingiti kilichopandishwa mara tatu hadi wageni wakawa wanaingia kama wanaopanda daladala. Alinunua pia kifusi, lori zima, akainua uwanja wake. Maji yakaenda kwa jirani. Jirani naye akanunua kifusi. Mtaa mzima ulipanda hivyo, uwanja kwa uwanja, na mto ukabaki na nafasi finyu zaidi kuliko mwanzo.

Alipohama alikwenda Pugu. Alipata kiwanja kwa bei anayoiweza, mlimani, hakuna maji yatakayomfikia. Akakata miti iliyokuwepo, akajenga, akaezeka bati, akasakafia uwanja kwa vitofali vya zege ili asiukanyage udongo mwekundu masika. Majirani zake wamefanya vilevile. Hakuna mtaro wa maana, kwa hiyo maji ya mabati na sakafu hizo hushuka kwenye njia ya udongo, yanaichimba korongo, na korongo linaelekea mtoni. Siku moja tumekaa barazani mvua inanyesha, akayatazama yakiteremka, akasema kwa utani, "Nilikuwa nayapokea. Sasa mimi ndiye ninayewatumia."

Sijakuta sentensi moja katika ripoti zote nilizosoma inayoeleza ikolojia ya bonde vizuri kuliko utani huo. Mafuriko ya Jangwani yanatengenezwa Pugu, Kinyerezi, Ubungo na Sinza. Yanatengenezwa na kila bati lisilo na tangi la kukinga maji, kila uwanja uliosakafiwa ukuta hadi ukuta, kila mti uliogeuzwa mkaa katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Wengi wa wanaosakafia hivyo wana hati safi na kibali cha ujenzi. Sinza, ile iliyopimwa kwa mkopo, nayo inamwaga maji yake kwenye mto ule ule. Udongo unaomomonyoka juu unakuwa mchanga chini, mchanga unajaa chini ya daraja, daraja linakosa nafasi ya kupitisha maji. Ukichimba mchanga huo bila kushughulika na kilima, utarudi kuchimba tena, na mkopo utakuwa bado unalipwa.

Mpango mpya unalijua hili. Unataja upandaji miti na udhibiti wa mmomonyoko. Lakini soma uzito wa kurasa. Kazi kubwa ya ujenzi iko chini, picha ziko chini, mjadala wa magazetini uko chini. Juu ya mto imeachiwa aya za mwisho, zenye vitenzi vya kuhimiza na kuelimisha. Anayehamishwa amepewa tarehe. Mwenye uwanja wa zege mlimani, naye ni mimi, mama mdogo, mhadhiri wangu na pengine wewe msomaji, tumepewa semina.

Nadhani kuna sababu, na si ya kitaalamu. Bonde ni rahisi kusimulia. Lina mipaka, lina wahanga, lina kabla na baada. Kilima hakina kisa: ni watu laki kadhaa, kila mmoja anafanya jambo dogo halali nyumbani kwake. Kumwambia mwenye kibali kwamba theluthi ya uwanja wake ibaki udongo, au kwamba bati lake liwe na tangi, kunahitaji serikali igombane na watu wanaojua kuandika barua. Kupiga X ukutani kunahitaji kopo la rangi.

Jiji lilishapata kuandikwa kwa namna nyingine. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulikusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazojaa maji, wakatembea mtaa kwa mtaa wakichora mitaro, njia, nyumba, na mahali maji yalikofika. Ramani hizo ziko wazi, yeyote anaweza kuzifungua kwenye simu. Nazipenda kama nilivyowahi kuzipenda tenzi, kwa sababu unaisikia sauti ya mtu aliyekuwepo: mtaro huu umeziba, hapa panapitika kiangazi tu. Ila hata zenyewe zilianzia kata za chini, kwa sababu inayoeleweka; huko ndiko watu walikokuwa wanakufa.

Ningependa kuona kazi hiyo ikifanywa kuanzia juu. Wanafunzi wa mwaka wa pili, vijana wa Pugu Kajiungeni wenye simu, na mtu mmoja anayejua kupima mteremko. Wachore kila paa, kila uwanja uliofunikwa, kila korongo jipya, na kwenye kila paa waandike maji yake yanaishia kata gani. Ramani ikikamilika ibandikwe ofisi za serikali za mitaa kule mlimani, pale tunapokwenda kuomba vibali. Nimeandika pendekezo la tasnifu kuhusu kipande kidogo cha kazi hiyo, kilomita moja ya mraba. Msimamizi wangu amelirudisha na swali moja pembeni, kwa kalamu: eneo la utafiti haliko bondeni, kwa nini linaitwa utafiti wa mafuriko? Najibu wiki ijayo.